Springi ya Yai

Kwa Wangari, Maitu, mwenye jina la mama yangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ianze kwa kuuliza hali. Yako naijua. Umelala chumba cha pili, mlango umeuacha wazi kidogo kama kawaida yako, na unakoroma kama lori la viazi likipanda kutoka Mweiga kwa gia ya pili. Yangu pia si mbaya, ila baridi ya Julai imeingia vidoleni na kalamu hii niliyokopa dukani inakata wino. Kwa hivyo mahali utakapoona mwandiko umepauka usidhani nililia. Ni kalamu.

Mambo ya safari ya kesho, ya sweta, ya kuangalia begi pale Nakuru, ya kutokula kwa watu usiowajua, hayo shangazi zako wamekuambia wiki nzima na sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu. Nimelizunguka wiki tatu kama fundi anayetafuta nati iliyodondoka ndani ya injini, anajua iko, anaisikia ikigonga, lakini anajifanya anatafuta spana.

Jambo lenyewe ni Ouma.

Ndiyo, Ouma huyo huyo aliyetia sahihi barua yako ya kazi. Mwenye karakana ya boti kule Mbita. Uliponiletea ile barua ukiruka jikoni kama mtoto, nikaisoma mara mbili, nikasema, "Vizuri sana," nikatoka nje kuangalia kuku. Uliniuliza kuku wana nini. Kuku hawakuwa na kitu. Ni kwamba mimi nilimjua Ouma kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu, na yeye alinijua mimi, na hakuna siku nimewahi kukuambia.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana hiki kitu hakiingii kwa nguvu.

Wewe unamjua baba yako. Mtu wa maneno. Nimelala Juba, nimekula Kampala, nimefukuzwa Namanga nikiwa na kiatu kimoja. Niliacha shule nikiwa darasa la saba, na tangu hapo hakuna injini iliyonishinda kuanzia Murang'a mpaka Nanyuki, petroli au dizeli, ya mwenye ranchi au ya mama wa maziwa. Hayo yote ni kweli, karibu yote. Na jambo nililojisifia kuliko mengine ni masikio. Nilikuwa nachukua springi ya vali, naigonga kwenye meza, naisikiliza kama mtu anunuaye tikiti maji, kisha natangaza: hii nzima, hii imekufa. Watu walikuja gereji kuona tu. Hata wewe ulikuwa unakaa juu ya tairi ukisema, "Gonga ingine, Baba."

Springi unaijua kuliko mimi sasa, lakini niache niseme kwa maneno yangu. Vali ni mlango. Kamshafti inausukuma ufunguke, springi inaufunga. Injini ikienda polepole, hata springi iliyochoka hufunga mlango kwa wakati. Ikienda mbio, ule mlango unafunguka na kufunga kwa kasi ambayo jicho halifuati, na springi iliyochoka inachelewa. Mlango unabaki wazi kidogo. Pistoni inapanda juu na kuukuta hapo. Baada ya hapo huna injini, uko na vyuma.

Ulipokuwa na miaka minne, alikuja gereji mwenye hoteli mmoja wa Nanyuki. Kila mtu alimwita Bwana Hoteli na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa na boti ya mbio kule ziwani, upande wa Mbita, ya kuwavusha wageni wake mpaka kisiwani. Injini ilikuwa imechoka, akataka irudi ikiwa na nguvu zaidi. Alikuwa ameagiza kamshafti mpya kutoka ng'ambo, kali, ya kufungua vali zaidi kuliko ile ya kwanza. Ilikuja ndani ya sanduku na karatasi moja. Springi zake hazikuja. Fundi wake wa Nairobi alimwambia asubiri springi miezi miwili. Mimi nilimwambia asubiri chai iive.

Nilikuwa na seti ya springi za gari, injini ya ukoo ule ule. Ziling'aa. Urefu ule ule. Nilizigonga mezani moja moja mbele yake, zikalia kama kengele za kanisa, akatikisa kichwa kwa mshangao. Ile karatasi niliiangalia. Ilikuwa Kiingereza, maneno madogo, namba nyingi. Mama yako alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa anasoma Kiingereza kama maji. Ningeenda nyumbani nimuulize, dakika ishirini kwa miguu. Lakini Bwana Hoteli alikuwa amesimama pale, na mafundi wawili wa gereji ya jirani walikuwa wamesimama pale, na mimi sikuwa mtu wa kuonekana nimeshindwa na karatasi. Nikaikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Nikasema, "Karatasi ni za watu wasio na masikio." Walicheka sana. Ilikuwa siku nzuri.

Injini ilipokamilika nikaijaribu. Sasa hapa Nyeri hakuna ziwa. Niliifunga kwenye stendi ya mbao, nikachukua maji kwa mpira kutoka kwenye pipa ili isichemke, nikaiwasha. Maitu, ilinguruma mpaka kuku wa mama mboga wakahamia kwa fundi cherehani. Watu wa stendi ya matatu waliacha abiria wakaja. Niliiacha hivyo dakika kumi, nikaongeza, nikapunguza, nikaizima kwa kidole kimoja kama mtu anayezima taa ya chumbani. Nilipigiwa makofi.

Dakika kumi. Haivuti kitu, haisukumi kitu, imekaa kwenye mbao kama bibi harusi.

Tukaipeleka ziwani kwa pikapu, mimi na Bwana Hoteli. Ouma alikuwa dereva wa ile boti. Wakati huo alikuwa kijana mwembamba, kofia ya kitambaa, miguu mitupu, maneno machache. Alinisaidia kuipandisha na kuifunga, mimi nikimsifia springi zangu, na alikuwa anashika spana vizuri kuliko nilivyotaka kukubali. Tulipokuwa tunakaza za mwisho akaniuliza, "Fundi, hii umeijaribu wapi?"

"Nyeri."

"Nyeri kuna ziwa?"

"Kuna pipa."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, lakini ilinichoma. Alipomaliza akapangusa macho akasema, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "Omera, ndugu yangu, huko kwenu gari ikipanda mlima, baadaye inashuka, si ndiyo? Inapumzika."

"Ndiyo."

"Hii haishuki. Inapanda tu, mpaka ufike. Na wimbi ikirusha boti, propela inatoka nje ya maji, injini inabaki haina kazi, inapiga kelele kama imechomwa. Kisha inarudi majini. Inatoka tena. Hivyo hivyo, mchana mzima. Hizo springi zako zinajua hiyo maneno?"

Soma tena hayo, Maitu. Hilo ndilo somo lote la springi za boti, nililopewa bure ufukweni na mtu asiye na viatu. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mimi nimefungua injini Juba, nimefungua Kampala. Wewe shika usukani, mambo ya springi niachie."

Akasema, "Sawa, mtu wa viazi," maana kwao sisi wa milimani sote ni wa viazi.

Mchana Bwana Hoteli akaja na wageni wawili, mume na mke, wa kupelekwa kisiwani. Nikaomba niende. Hakuna aliyenialika. Nilitaka kukaa ndani ya kazi yangu mbele ya watu. Majaketi ya kuelea yalikuwa manne, na sisi tulikuwa watano. Ouma alivua lake akanipa. Nikasema sihitaji. Akaniangalia jinsi nilivyoshika ukingo wa boti kwa mikono miwili na bado hatujaondoka, akasema, "Vaa, fundi. Mimi na hii maji tunajuana. Wewe nayo hamjajulishwa."

Nikavaa.

Nusu ya kwanza ilikuwa raha, siwezi kudanganya. Boti iliruka. Yule mgeni mwanamke alikuwa anacheka upepo ukimvuta nywele. Bwana Hoteli akanipiga begani. Kisha upepo ukageuka, mawimbi yakaanza kusimama, na Ouma akarudisha mkono wa mafuta nyuma. Nilisikia injini ikilegea. Alikuwa anafanya sawa kabisa. Kila boti ilipopanda wimbi alikuwa anapunguza kabla propela haijatoka, anaongeza ikirudi. Alikuwa anaibembeleza.

Mimi nikapiga kelele, "Fungua! Unaogopa nini? Springi ni zangu!"

"Hii si lori ya viazi, fundi," akasema, hata hakugeuka.

Lakini Bwana Hoteli alikuwa amenisikia, na wageni walikuwa wamenisikia, na akasema, "Ongeza kidogo, Ouma, tuone." Ouma akaongeza kidogo. Kidogo tu. Wimbi likatubeba, propela ikatoka, injini ikalia, na katika kile kilio nikasikia sauti niliyokuwa nimeizoea maisha yangu yote kwenye injini za watu wengine. Kama mtu aliyedondosha kijiko ndani ya sufuria. Kisha kimya. Kimya cha ziwani si kama cha huku. Huku kuna mbwa wa jirani, kuna mtu anapasua kuni. Kule kulikuwa na maji tu yakipiga ubavu wa boti, na watu wanne wakinitazama.

Tulielea mpaka jua likaanza kushuka. Yule mwanamke alikuwa anatapika. Mimi nilikuwa nimekaa chini kabisa kwenye sakafu ya boti, na lile jaketi limenikaba shingo, nasali sala za mama yangu zote, hata za mavuno. Ouma hakuwa na jaketi, na alikuwa amesimama, ameshika kasia moja, anaigeuza boti isilale ubavu kwenye mawimbi. Saa zote hizo. Boti ya kubeba mchanga ndiyo iliyotuona, ikatufunga kamba, ikatuvuta mpaka ufukweni.

Bwana Hoteli alishuka wa kwanza. Akauliza, "Nani ameua injini yangu?"

Nilikuwa bado nimevaa jaketi la Ouma. Nikasema, "Dereva amefungua sana kwenye mawimbi. Hakuna springi inayoweza kuvumilia hivyo."

Ouma aliniangalia. Hakupiga kelele, hakutukana. Alisema neno moja tu, "Mimi?"

Nikaangalia mchanga. Bwana Hoteli akamwambia asikanyage boti yake tena, pale pale, mbele ya wale watu wa mchanga waliokuwa wametuokoa. Ouma akaja kwangu, nikadhani atanipiga, na ningetaka anipige. Alikuja kufungua vifungo vya jaketi, maana mikono yangu ilikuwa imeshindwa. Akalitungika begani akaenda.

Hicho ndicho kitu ambacho hujawahi kukijua. Nimekiandika. Nimeinuka nikanywa maji nikarudi.

Injini ilirudi Nyeri. Niliifungua Jumapili, gereji nyingine zote zimefungwa, watu wako kanisani. Vali moja ilikuwa imekatika kichwa, imeingia kwenye pistoni kama jembe. Nikatoa springi zote. Nilizigonga mezani. Zililia vizuri, zote, kama kengele. Ndipo nikaenda kuomba mizani ya muuza viazi. Nikaweka springi juu yake, nikaikandamiza kwa drili ya kusimama mpaka ifikie urefu inaokaa ndani ya injini, nikasoma. Nikachukua ya pili. Ya tatu. Hakuna iliyokuwa na nguvu hata ya kamshafti ya zamani, sembuse ile mpya. Joto lilikuwa limezimaliza, na bado ziling'aa, na bado ziliimba.

Nikainua meza, nikatoa ile karatasi, nikampelekea mama yako. Alikuwa anakuosha miguu kwenye beseni. Akapangusa mikono, akasoma bila haraka. Akasema, "Inasema kamshafti hii isifungwe na springi za kawaida. Imeandikwa kwa herufi kubwa. Imeandika hata uzito wanaotaka."

Nikaikunja tena ile karatasi.

"Na dereva?" akauliza. Nilikuwa nimemsimulia habari za dereva nilivyotaka mimi.

Nikasema, "Atapata kazi ingine."

Mama yako Nyambura hakuwa mtu wa kugombana, unamkumbuka. Alichukua springi moja mkononi mwangu, akaiosha kwa sabuni, akaichemsha kwenye sufuria kama chupa ya mtoto. Asubuhi alikuchemshia yai, akaisimamisha springi mezani, akaketisha yai juu yake. Ulipiga makofi. Yai lilikaa sawasawa kana kwamba hicho ndicho kitu springi ilitengenezewa. Kisha akanitazama juu ya kichwa chako, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku utakayomwambia yule mtu ukweli, nitaitoa mezani."

Ulidhani ni mchezo wenu. Ulikuwa unaiita "kiti cha yai". Ukienda kwa rafiki zako unauliza kiti cha yai kiko wapi, wanakucheka. Kila asubuhi, Maitu. Nimekunywa chai mbele ya hiyo springi miaka yote uliyokuwa shule ya msingi, na ya upili, na ile miaka miwili ya polytechnic. Mama yako hakunikumbusha tena hata mara moja. Hakuhitaji. Alipolala hospitali mara ya mwisho nilitaka kumwambia nimeshampigia Ouma. Nilikuwa na huo uongo mdomoni. Akaniuliza, "Mtoto amekula?" nikasema amekula yai. Akafunga macho. Sijui alielewa nini.

Baada ya mazishi ningeweza kuitupa. Hakuna aliyekuwa anaangalia. Niliiosha nikairudisha mezani.

Sasa ujue pia kwa nini nilikucheka ulipoleta kile kitabu cha injini kutoka chuoni. Nilisema mbele ya wateja, "Huyu sasa ameanza kutengeneza gari kwa miwani." Ukakifunga, na baada ya hapo ukawa unakisoma chumbani. Nilikuwa naona taa. Ulipima springi za mteja mmoja wa Mweiga kwa mizani ukanionyesha tatu mbovu ambazo mimi nilikuwa nimezigonga nikazipitisha, na ulinionyesha kando, kwa sauti ndogo, ili mteja asisikie. Hukutaka niaibike. Nilikuambia, "Una bahati." Haikuwa bahati. Nilipaswa kukuambia siku hiyo. Nakuambia leo, na imechelewa, na huwezi kunijibu kwa sababu umelala.

Wiki tatu zilizopita, siku mbili baada ya ile barua ya kazi kufika, simu ililia gereji. Sauti ikasema, "Mtu wa viazi. Bado unaogopa maji?"

Nilikaa juu ya tairi lako.

Akasema aliona jina langu kwenye fomu yako. Akauliza, "Ni wako?" Nikasema ni wangu, ni wa kwanza na wa mwisho. Akasema, "Nimemchukua kwa sababu kazi yake ni safi. Hilo nataka ujue. Si kwa sababu yako, na singemkataa kwa sababu yako." Kisha akauliza, "Anajua?"

"Anajua nini?"

Akasema, "Basi hatajua kutoka kwangu," akakata.

Angeweza kukuambia siku ya kwanza, mbele ya mafundi wake wote. Baba yako ni hivi na hivi. Ana haki. Badala yake ameniachia mimi, kama alivyoniachia jaketi.

Leo mchana, ulipokuwa umeenda kuaga kanisani, nilimpigia. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nilikuwa na mizaha mitatu ya kuanzia. Alipopokea, yote ilipotea. Nikasema, "Ouma, springi zilikuwa mbovu. Nilijua Jumapili ile ile. Wewe hukufanya kosa lolote."

Akasema, "Mimi nilijua pale pale majini, fundi. Masikio si yako peke yako."

Nikamuuliza alifanya nini baada ya pale. Akasema alipakia mchanga. Hakuna mwenye boti aliyetaka dereva aliyeua injini. Maneno yanakimbia ufukweni. Alipakia mchanga na ile ile boti iliyotuvuta, karibu mwaka, na jioni akawa anarekebisha injini yao. Ndivyo alivyoanza karakana. Hakusema hivyo ili nijisikie nafuu, na sikujisikia.

Kisha akauliza, "Zile springi ulitupa?"

"Moja iko."

"Iko wapi?"

"Mezani. Msichana hula yai juu yake."

Nikasikia kile kicheko, Maitu, kile kile cha pipa, isipokuwa kimezeeka na kina kikohozi ndani. Akasema, "Mpe alete. Nataka kuiona." Hakusema amenisamehe na mimi sikuomba. Aliuliza basi lako linafika saa ngapi.

Kwa hivyo springi iko kwenye begi lako, ndani ya soksi ya kijivu, pamoja na barua hii. Nimeiweka hapo ili uipate ukishapita Nakuru. Ningeweza kukuamsha sasa nikuambie uso kwa uso. Nimesimama mlangoni kwako mara mbili. Ukweli ni kwamba sijui ningeuweka wapi uso wangu, na nataka kesho asubuhi uniage ukiwa bado unacheka mizaha yangu. Hilo ni jambo la kiherehere na woga, najua, na unaweza kuliongeza kwenye yale mengine. Nataka asubuhi moja zaidi.

Ukisoma haya ukataka kushuka na kurudi, chumba kipo na sitakigusa. Ukitaka kuendelea na kukaa muda bila kunipigia, nitajua ni kwa nini, sitawatuma shangazi zako. Na ukifika, usiombe msamaha kwa niaba yangu. Wewe hukuwa kwenye boti. Mpe tu springi na uanze kazi.

Sina cha kukufundisha kuhusu springi. Unajua kwamba ile ngumu mno inakula kamshafti na laini mno inaua pistoni. Unajua kubadilisha zote pamoja na si moja. Unajua kutafuta lile doa la kutu dogo kama mbegu ya pilipili, maana huko maji yako kila mahali. Lakini mwenye boti akija na haraka, na wageni wamesimama, na wewe huna hakika, ukajikuta mdomo umeanza kusema kitu kizuri cha kuwachekesha watu, hapo ujue ni damu yangu inapanda. Nyamaza kwanza. Nenda kachukue mizani. Muulize dereva.

Huku nitakuwa sawa. Nina redio, nina kuku, nina wateja ambao wameshaanza kuuliza Wangari anarudi lini ndipo walete magari. Nimewaambia unaenda kutengeneza boti za mbio na kwamba umekuwa fundi mkubwa kuliko mimi. Walidhani natania.

Kikombe chako nimekiacha kwenye msumari. Nimejaribu yai leo jioni, kuona itakuwaje. Nilichemsha moja, nikaliweka kwenye sahani bila springi. Likabingirika mpaka ukingoni. Nikalirudisha, likabingirika tena. Mwishowe nimelishika kwa mkono nikalimenya hivyo, limenichoma kidogo, nikalila nikiwa nimesimama.

Meza iko wazi, laiti Nyambura angeona.

Baba yako,
Fundi wa pipa